Biringanya halisubiriwi linenepe

Wengi huliacha biringanya mtini wakidhani likizidi kunenepa ndiyo faida. Sivyo. Huliwa likiwa bado changa, mbegu zikiwa nyeupe na laini, kwa kawaida wiki 3 hadi 4 baada ya ua kufunga tunda. Libonyeze kwa kidole gumba: ngozi ikiwa inang'aa na alama ikirudi polepole, chuma. Ngozi ikishafifia, ukilipasua utakuta mbegu ngumu za kahawia na nyama chungu. Mmea nao huumia: nguvu nyingi huelekea kwenye mbegu hizo, maua mapya yakapungua. Usilivute, tawi litachanika. Kata kikonyo kwa kisu, ukiangalia miiba yake. La kuacha ni moja tu la mbegu, hadi ligeuke manjano.