Je, wajua kwa nini betri kavu mpya hufa mapema kwenye gari la turbo?

"Weka kavu, usahau." Huo ndio ushauri utakaopewa haraka kwenye duka la betri Arusha au Moshi ukifika na Subaru Impreza au Forester ya turbo. Kuweka, sawa. Kusahau ndiko kunakoimaliza, kwa sababu mara nyingi betri ya namna hii huuawa na joto pamoja na chaji iliyozidi, wala si ubovu wa kiwandani.

Dukani betri mbili tofauti huuzwa kwa jina hilo la kavu. Ya kwanza haina vifuniko vya kuongezea maji, lakini ndani tindikali inacheza kama kawaida. Nyingi kati ya hizi zina kijicho cha kijani juu, nacho huangalia chemba moja tu kati ya sita, kwa hiyo kisikutulize sana. Ya pili ni AGM: tindikali imenyonywa na mikeka ya nyuzi za kioo iliyobanwa katikati ya bamba za risasi. Betri yoyote ya risasi ikichajiwa, sehemu ya maji yake huvunjika kuwa oksijeni na hidrojeni. Kwenye betri ya maji gesi hizo hutoka, na fundi huongeza maji. Kwenye AGM oksijeni hupenya mkeka, hufika kwenye bamba hasi na kurudi kuwa maji. Mzunguko huo una kikomo. Chaji ikiwa kubwa mno gesi huzalishwa haraka kuliko inavyorudi, valvu ndogo za juu hufunguka, na kilichotoka kimetoka. Hakuna pa kukirudishia.

Sasa ichukue betri hiyo uifungie chini ya boneti, karibu na turbo, Moshi, mwezi wa Februari. Kwa betri za risasi, kila nyuzijoto 10 juu ya 25 hupunguza maisha yake kwa karibu nusu. Tena betri ya moto huhitaji volti ndogo zaidi: chaji ya volti 14.7 inayoifaa AGM kwenye nyuzi 25 ingetakiwa kushuka hadi karibu 14.2 betri ikifika nyuzi 45. Alteneta nyingi za zamani hazijui betri ina joto gani, nazo huendelea kusukuma vilevile. Hiyo ni sababu mojawapo ya magari mengi yanayotoka kiwandani na AGM kuwa nayo kwenye buti. Mazda MX-5 ya kwanza, ya mwaka 1989, ilikuwa hivyo.

Kwa hiyo kama betri inakaa ubavuni mwa injini na gari ni la kwenda kazini na kurudi, chukua kavu ya kawaida, ile ya kwanza, iliyo nzuri, hela inayobaki ununue oili. AGM inalipa kwa betri iliyohamishiwa kwenye buti, gari linalopigwa barabara za vumbi na mashimo, au lenye muziki mkubwa. Mikeka yake hushika bamba kwa nguvu, wakati mtikisiko kwenye betri ya maji hudondosha unga wa bamba hadi chini, siku moja chemba inapiga shoti.

Usivutwe pia na namba kubwa ya CCA, yaani ampea za kuwashia gari kwenye baridi. Hupimwa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, kwa sekunde 30, volti zisishuke chini ya 7.2. Arusha, hata alfajiri ya Julai, haina baridi hiyo. Tazama Ah (ampea-saa, yaani kiasi cha umeme betri inachobeba) na umbo.

Umbo husomwa kwenye maandishi ya betri. Chukua 75D23L: 75 ni kiwango cha nguvu, D ni kundi la upana na kimo, 23 ni urefu wa takriban sentimita 23, na L inaeleza upande wa nguzo za kufungia waya. Ukisimama nguzo zikiwa upande wako, L ina chanya kulia. R ni kinyume chake. Ukikosea hapo waya wa chanya haufiki, au unafika ukiwa umevutwa juu ya chuma, jambo ambalo ni baya zaidi. Betri za kundi la B, kama 46B24, mara nyingi zina nguzo nyembamba kuliko za D. Hapo ndipo utaona mtu akichomeka msumari au kipande cha kopo ili kibano kikaze. Stata ikivuta ampea 150 kupitia kiungo chenye ukinzani wa ohmu 0.01 tu, volti 1.5 zinapotea na wati 225 za joto zinabaki juu ya nguzo. Nunua betri yenye nguzo sahihi au badilisha kibano.

Kabla ya kulipa, omba maltimita, kile kipimo cha umeme. AGM mpya iliyotulia isome volti 12.8 au zaidi. Kavu ya kawaida 12.6. Ikiwa chini ya 12.5 imekaa sana rafuni, iache.

Kabla ya kufunga, pima alteneta, taa na feni vikiwaka, injini kwenye mizunguko 2,000 hivi. Kati ya volti 13.8 na 14.5 ni salama. Ikizidi 14.8, tengeneza kwanza alteneta. Betri mpya hapo ni hela ya kutupa. Chaja kubwa za gereji zisizo na kidhibiti, zinazoweza kupanda hadi volti 16, usiziruhusu ziguse AGM.

Kufunga kwenyewe ni kazi ya spana namba 10. Zima gari, subiri taima ya turbo, kile kifaa kinachoacha injini ingurume kidogo baada ya kuzima, imalize. Fungua hasi kwanza, kisha chanya. Kurudisha, chanya kwanza. Ukianza na chanya wakati wa kufungua, spana ikigusa bodi utaona cheche. Kutu nyeupe kwenye vibano ioshe kwa maji ya moto yenye magadi kidogo, yale yale ya makande, kisha kausha. Betri isicheze hata kidogo kwenye kitako chake, ila ule mkanda wa juu usikazwe hadi mfuniko upinde. Bandika donge la unga uliokandwa juu ya nguzo ya chanya, shusha boneti taratibu, fungua utazame: donge likibaki na unene chini ya sentimita moja, kimo cha betri kimezidi. Koti la betri lililokuja na gari lirudishe, ndilo linalozuia joto.

Ikienda kwenye buti, weka fyuzi karibu na nguzo ya chanya, waya wa milimita 50 za mraba, mpira kila panapopita kwenye bati, na bomba la gesi litoke nje. AGM nayo ina valvu.

BMW nyingi za kuanzia E60 (Series 5) na E90 (Series 3) huhitaji betri mpya isajiliwe kwa kompyuta, la sivyo gari huichaji kana kwamba bado ni ile kuukuu.

Mwisho pima wizi wa umeme. Gari likiwa limezimwa na kufungwa, unganisha maltimita, kwenye ampea 10, kati ya waya wa hasi uliofunguliwa na nguzo yake, usubiri nusu saa kompyuta zilale. Usiwashe gari mita ikiwa hapo. Chini ya miliampea 50 ni kawaida. Miliampea 100 hula Ah 2.4 kwa siku, na betri ya Ah 60 itakuwa nusu kabla ya wiki mbili. Ikizidi 50, chomoa fyuzi moja moja ukitazama mita. Namba isiposhuka kwa fyuzi yoyote, fuata nyaya zilizounganishwa moja kwa moja kwenye betri: alamu, kifaa cha kufuatilia gari, na ampu ya muziki.