Je, wajua kwa nini mti ulibishana na mkata miti katika shairi la mwaka 1653?

Mtu amesimama na shoka mbele ya mwaloni mkongwe, tayari kuuangusha. Mti unamuuliza: mbona unayakata matawi yaliyokukinga na jua na mvua? Mtu anaubembeleza. Utakuwa merikebu, utaona dunia; au utakuwa nguzo za jumba la fahari. Mwaloni unakataa yote mawili. Hautaki kutobolewa ubavu kwa misumari, unaomba tu uachiwe uzee wake.

Shairi hilo ni la mwandishi Mwingereza Margaret Cavendish, na lilichapishwa London. Je, kwa nini mti ulipewa nafasi ya kujitetea?

Kwanza, mbao zilikuwa suala zito Uingereza. Merikebu, nyumba na tanuri za chuma vyote vilitegemea miti. Tayari mwaka 1543 sheria ya Mfalme Henry VIII ilimtaka anayevuna msitu aache miti 12 imesimama katika kila ekari. Mwaka 1612 mshairi Michael Drayton alichapisha utenzi mrefu ambamo misitu ya kusini mashariki mwa nchi inaomboleza kumalizwa na wafua chuma. Wanahistoria wengine wanasema kilio hicho kilizidi hasara yenyewe, maana tanuri nyingi zilitumia miti inayochipua upya baada ya kukatwa. Hata hivyo, kwangu mimi hoja ya washairi haikuwa hesabu ya magogo peke yake. Walikuwa wanauliza binadamu ana haki gani.

Jibu la wengi lilitoka kitabu cha Mwanzo: Mungu alimpa binadamu mamlaka juu ya viumbe vyote. Cavendish aliligusa jibu hilo palipo na maumivu. Katika kitabu chake kilekile chenye shairi la mwaloni kuna shairi la sungura aitwaye Wat, aliyejibanza kati ya matuta ya shamba lililolimwa, pua juu ya miguu ya mbele, uso akiuelekeza upepo unakotoka. Mbwa wanamkurupusha, anakimbia, anajificha, anakimbia tena, mpaka anakufa huku wawindaji wakishangilia. Hapo mshairi anawageukia watu: mnadhani Mungu aliwaumba viumbe hawa kwa ajili yenu, mkayafanya matumbo yenu makaburi ya mliowaua kwa mchezo.

Mjadala huu ulikuwa umefika hadi nyumbani kwake. Mwaka 1646 mwanafalsafa René Descartes alimwandikia barua mume wa Cavendish, William, akidai kwamba wanyama hawana fikra, na kwamba wanayoyafanya vizuri kuliko sisi wanayafanya kama saa inavyoonyesha majira. Sungura wa Cavendish si saa. Anaogopa, anapima hatari, anabuni njia ya kuwapoteza mbwa, na msomaji anayafuata mawazo yake hatua kwa hatua.