Je, dubu msumbufu akihamishwa mbali, tatizo limekwisha?

Katika vijiji vya Marekani na Kanada, wengi huamini kwamba dubu aliyezoea mapipa ya taka akinaswa na kupelekwa msitu wa mbali, mambo yamekwisha. Ni wazo linaloeleweka: mnyama hauawi, na watu wanapumua.

Lakini dubu mweusi ana kipaji kikubwa cha kurudi kwao. Wapo waliorejea kutoka umbali unaozidi kilomita 100. Asiyerudi huenda akavamia mapipa ya kijiji kingine, au akagongwa na gari kwenye barabara asizozijua. Na kilichomvuta kiko palepale: mabaki ya chakula, nafaka za kulishia ndege, matunda yaliyoanguka, mizinga ya nyuki. Msimu wa vuli, anapojinenepesha kabla ya usingizi wa majira ya baridi, anaweza kula kalori 20,000 kwa siku. Akiondoka yeye, mwingine hunusa na kuja.

Unaweza kujihakikishia. Zunguka nyumba asubuhi, uone kilichopinduliwa. Waulize maofisa wanyamapori wa eneo lako ni wangapi waliohamishwa wakarudi. Kisha funga taka kwenye pipa lenye komeo kwa wiki kadhaa, zungushia mizinga uzio wa umeme, uhesabu tena ujio wake.