Gari inamisi na plagi ni mpya? Pima kompresheni

Hapa karakana ya chuo chetu hazipiti siku nyingi bila kuingia gari inayomisi, yani kuna silinda haichomi mafuta sawasawa, mwenye gari keshabadili plagi mara mbili, koili kanunua, nozeli zimesafishwa, na bado ikiwa sailensa, yani inaunguruma bila kukanyagwa eksileta, inatetemeka kama ina homa. Jamani, silinda isipobana hewa hata uifungie plagi ya dhahabu ni kazi bure.

Juzi ililetwa IST, injini 1NZ, mashine inasoma P0303, yani silinda ya 3 ndo inamisi. Tukahamisha koili na plagi ya 3 kwenda silinda ya 1, tukafuta hiyo kodi kwenye mashine, tukawasha, ikarudi P0303 ileile. Basi tukatoa geji ya kompresheni.

Hapa ndo wengi wanaharibu. Injini iwe ya moto, plagi zote 4 zitoke, umeme wa koili na nozeli ukatwe, halafu mtu akanyage eksileta mpaka chini huku anapiga starta mpaka sindano ya geji iruke mara 5 au 6 hivi, maana usipokanyaga hewa haiingii ya kutosha unapata namba za uongo na injini ya watu unaifungua bure. Injini nyingi za petroli zikiwa nzima zinatoa PSI (kipimo cha presha) 150 hadi 200. Hii ilitoa 175, 170, 95, 172.

Tukamimina kijiko kimoja cha oili kwenye tundu la plagi ya 3, tukarudia. Oili inaziba ringi kwa muda, kwahiyo ringi zingekuwa zimekwisha namba ingepanda sana, ila iligomea 100. Tukapandisha pistoni juu valvu zikiwa zimefunga, tukaingiza upepo wa kompresa, ukasikika unatokea kwenye ekzosi, shiiii, yani valvu ya ekzosi haifungi. Ungetokea kwenye mfuniko wa oili ni ringi, mapovu kwenye rejeta ni gasketi ya hedi.

Kufungua kava, uwazi wa valvu ya ekzosi hata kile kibati chembamba kabisa cha fila, vile vibati vya kupimia uwazi, hakipiti, wakati injini ikiwa baridi inatakiwa milimita 0.25 hadi 0.35. Gari lilifungwa mfumo wa gesi, na gesi ni kavu inakula siti ya valvu, pale valvu inapokalia ikifunga, valvu inazama kwenye hedi mpaka haifungi tena. Wala haikugonga, maana valvu inayopiga kelele siyo ya kuogopa kama hii iliyonyamaza.

Mwenyewe akauliza, sasa zile koili 2 nilizonunua? Nikamwambia weka kwenye buti.