Hata ndovu wachanga hufunikwa blanketi: Nairobi ya Agosti na watoto wa pwani

Kila shule zikikaribia kufungwa mwezi wa Agosti, simu yangu haitulii. Ni akina mama wa Likoni, Kisauni na Kilifi wanaotaka niwapangie safari ya Nairobi, na swali la kwanza halibadiliki: "Dada, baridi ya huko haitaniulia wanangu?" Nimeifanya kazi hii ya kupanga safari za familia kutoka pwani miaka mingi, na jibu langu ni lile lile. Baridi ya Nairobi mtoto huvishwa ikaisha. Kinachowarudisha watu nyumbani na watoto wenye mafua na wazazi walionuniana ni ratiba.

Mji ule uko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Kuanzia Juni hadi Agosti mawingu hulala juu yake tangu alfajiri, manyunyu yakipita. Usiku hushuka hadi nyuzi 11 au 12, na mchana mara nyingi haupandi zaidi ya 22. Jua likitoka, hutoka saa sita au saa saba. Ikifika saa kumi na moja jioni baridi imesharudi. Basi hesabu: muda wa kumtembeza mtoto mdogo nje kwa raha ni kama kuanzia saa tano asubuhi hadi saa kumi, na katikati hapo bado kuna chakula na usingizi wa mchana. Ndiyo maana sipangi zaidi ya jambo kubwa moja kwa siku. Mwaka wangu wa kwanza nilipanga matatu. Kufikia la pili, watoto wawili kati ya wanne walikuwa wamelala kwenye gari, wa tatu amelowa miguu, na baba yao ananiuliza kwa upole unaochoma kama tiketi za pale tunapokwenda zinaweza kurudishwa.

Siku ninayoipenda zaidi ni ya kituo cha ndovu mayatima cha Sheldrick, ndani ya mbuga ya Nairobi. Wageni huingia kwa saa moja tu, saa tano hadi saa sita, kwa kuweka nafasi mapema. Saa hiyo ni kama imekatwa kwa ajili ya mtoto mdogo: ameamka mwenyewe, amekunywa uji, na subira yake haijaisha. Wale ndovu wachanga kabisa, kukiwa na baridi, walezi huwafunga blanketi mgongoni, kwa sababu homa ya mapafu huwapata upesi wasipokuwa na mama wa kuwakinga. Mtoto aliyegoma kuvaa sweta tangu asubuhi akimwona ndovu na blanketi, mjadala umekwisha. (Na kwa sisi wa pwani: Daphne Sheldrick, mwanzilishi wa kituo hicho, alihangaika miaka mingi kutafuta maziwa yatakayowafaa ndovu wanyonyao, na mafuta yaliyokubali mwishowe yalikuwa ya nazi.)

Watu huniambia kituo cha twiga cha Lang'ata kiko karibu, mbona tusimalizie huko huko? Mwenye watoto wa miaka sita kwenda juu, sawa. Mwenye mtoto wa miaka miwili, mpeleke siku nyingine. Pale twiga analishwa kwa mkono kutoka kwenye roshani ya mbao iliyoinuliwa, upepo unakupata vizuri, na ulimi wa twiga ni mrefu na una mate. Mtoto mchovu hulia akiguswa nao. Aliyelala vizuri hucheka na kutaka tena.

Siku ya mvua ni ya makumbusho ya taifa. Kuna mifupa ya yule kijana wa Turkana, binadamu wa kale aliyegunduliwa na mtafuta visukuku Kamoya Kimeu mwaka 1984, aliyeishi takriban miaka milioni moja na nusu iliyopita. Wakubwa husimama hapo kwa heshima. Wadogo, kwa uzoefu wangu, wanataka sanamu ya Ahmed, ndovu wa Marsabit aliyesifika kwa pembe zake kubwa, na kisha nyoka walioko jirani. Usiwalazimishe kusoma vibao.

Sasa mavazi, maana hapa ndipo pwani tunapokosea. Tunamvisha mtoto jaketi moja nene kama godoro, anakimbia, anatoka jasho, anasimama, jasho linapoa mwilini. Mvishe nguo nyembamba tatu: fulana ya pamba, shati la mikono mirefu, sweta, halafu koti jepesi lisilopitisha maji. Unavua na kuvisha siku nzima. Boshori masikioni na soksi jozi mbili kwa siku, kwa sababu miguu ikilowa hakuna sweta litakalosaidia. Mtoto aliyebebwa mgongoni kwa leso hupata joto la mama kifuani na tumboni, lakini miguu yake inaning'inia nje. Ishike kila baada ya muda. Aliyeketi kwenye kigari hupoa kuliko wote, kwa kuwa wenzake wanatembea naye ametulia. Beba mafuta ya kujipaka pia, ngozi za watoto wetu hupasuka siku ya pili. Na uwape maji bila kungoja waombe: kwenye baridi mtoto hasahau kukojoa, lakini kiu huisahau.

Kuhusu malazi nauliza mambo mawili kabla ya bei. Maji ya moto yapo kweli, na mablanketi mangapi? Nyumba nyingi za Nairobi hazina chombo cha kupasha joto chumba. Hapo nasema jambo moja kwa ukali, hata kwa bibi aliyenizidi umri: jiko la makaa lisiingizwe ndani kuota moto, hata kama moto umefifia, hata kwa dakika chache. Hewa yake haina harufu na huua watu wakiwa usingizini. Mtoto mwenye baridi usiku alazwe katikati ya wazazi.

Ulale upande wa mji unaokwenda kutembea. Foleni ya magari ya jioni inaweza kula saa mbili za mtoto mwenye njaa.

Kwenda na kurudi napendekeza treni ya asubuhi. Basi la usiku ni rahisi, lakini linakushusha katikati ya mji alfajiri, saa ya baridi kuliko zote, mtoto ametolewa usingizini. Treni hupita Tsavo mchana. Waketishe watoto dirishani, ndovu wa kule ni wekundu kwa udongo. Sweta iwe mkononi, si kwenye begi lililopakiwa juu, kwani kiyoyozi cha behewa ni Nairobi kabla ya Nairobi. Siku ya kurudi fanya kinyume: fulana nyembamba juu kabisa ya begi. Mlango ukifunguliwa Miritini, kituo cha treni cha Mombasa, joto linakupokea, na mtoto aliyelia wiki nzima akitaka kuvua koti atakuwa amelala fofofo ndani yake.