Sikio linatoka usaha, na bibi anasema ni meno

Mafua yakipita mtaani hapa Pemba, iwe Wete au Mkoani, siku mbili tatu baadaye huanza vilio vya usiku, mtoto kashika sikio. Na kila nyumba ina sababu yake na dawa yake. Nyengine hazina madhara. Nyengine zimewaacha watu wazima na sikio bovu.

"Ni meno tu, muacheni." Dhana hii ni kongwe, na ilikotoka kunaeleweka. Meno huanza kuota karibu na miezi sita, na kuanzia umri huo hadi miaka miwili ndipo watoto wanapougua sikio zaidi. Mambo mawili yamekutana, moja likabebeshwa lawama ya jengine. Jino litamfanya mtoto atoe mate na atafune vidole, lakini halitoi usaha sikioni wala halileti homa kali.

"Upepo umemuingia", au "maji ya kuogea yamebaki ndani". Upepo na maji vyote huishia kwenye ngoma ya sikio, nayo ikiwa nzima haipitishi kitu. Ugonjwa huingia kwa mlango wa nyuma. Upo mrija mwembamba unaotoka kooni hadi kwenye chumba kidogo kilicho nyuma ya ngoma. Kwa mtu mzima mrija huo umeinama; kwa mtoto ni mfupi na karibu umelala. Akipata mafua unavimba na kuziba, majimaji yanakwama, vijidudu vinazaliana. Ndiyo maana mafua hutangulia. Moshi wa sigara ndani ya nyumba huongeza hatari, na pia kumpa mtoto chupa akiwa amelala chali. Kunyonyesha kunamkinga, na chanjo ya nyumokokasi, ambayo Tanzania inaitoa tangu 2013 kwa wiki ya 6, ya 10 na ya 14, inapunguza mmoja wa vijidudu wakubwa wa ugonjwa huu. Angalia kadi yake ya kliniki.

Watoto wanaoshinda pwani wakipiga mbizi wanaweza kuugua pia, ila huo ni ugonjwa wa njia ya nje ya sikio, na alama yake ni kuwa hata kulivuta sikio kidogo kunauma.

Halafu zije dawa za jikoni: mafuta ya nazi vuguvugu, maji ya kitunguu saumu, maziwa ya mama, na kwa kuwa hiki ni kisiwa cha karafuu, tone la mafuta ya karafuu. Huyo wa karafuu atakuapia kuwa mafuta yake ni safi kabisa. Sawa, lakini tatizo si usafi. Mafuta hayo ni makali, yanaunguza ngozi laini, na ngoma ikiwa imetoboka yanapita moja kwa moja hadi sikio la kati. Mafuta ya aina yoyote pia humzuia daktari kuiona ngoma. Wala kichupa cha matone cha jirani kilichobaki mwaka jana si salama kwa sababu tu kimetoka duka la dawa: matone yenye antibiotiki ya jentamisini, kwa mfano, yanaweza kuharibu usikivu wa mtoto ambaye ngoma yake imepasuka.

"Usaha umetoka, maumivu yameisha, kapona." Hii ndiyo dhana ninayoiogopa kuliko zote, kwa sababu inafanana sana na ukweli. Usaha ukijaa husukuma ngoma, na huko kusukuma ndiko kunakouma. Ngoma ikipasuka usaha unapata njia, mtoto analala, mama anamshukuru Mungu, na safari ya kituo cha afya inaahirishwa. Mara nyingi ngoma hujifunga yenyewe. Isipojifunga, usaha huzoeleka, watu wakasema "huyu sikio lake linatoka" kama wanaosema ana doa shavuni.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) kwa vituo vya afya umeweka mpaka kwenye siku 14 tangu usaha uanze kutoka. Kabla ya hapo mtoto hupewa antibiotiki ya amoksilini ya kunywa kwa siku 5 na parasetamoli ya maumivu, sikio linakaushwa, kisha anarudi kuangaliwa siku ya 5. Usaha ukifika siku 14 au zaidi, dawa ya kunywa si tegemeo tena: ni kukausha, pamoja na matone ya jamii ya siprofloksasini kwa wiki 2. Watu hufanya kinyume, wakanunua vidonge vilevile kila mwezi. Sikio la kufa halisikii dawa, wanasema. Hili linasikia, ila si ile ya kumeza.

Kukausha ni kazi ya nyumbani. Chukua kitambaa safi cha pamba, kipande cha kanga kuukuu kilichofuliwa kinafaa, ukisokote kiwe utambi. Utie sikioni, ukilowa utoe, utie mwengine, mpaka utoke mkavu. Mara 3 kwa siku. Usitumie kijiti, wala usiuache utambi ndani. Na asiogelee mpaka ngoma ifunge.

Wapo wanaoogopa kuwa ukikausha, usaha utapanda kichwani. Unaopanda ni ule ulioachwa. Ukiona uvimbe unaouma nyuma ya sikio, shingo imekakamaa, degedege, au mtoto amelegea haamki vizuri, nenda hospitali saa hiyohiyo, usingoje kuche.

Kuhusu antibiotiki kwa kila sikio linalouma: si lazima. Mengi hupona yenyewe, na mtoto aliyepita miaka miwili mwenye dalili nyepesi anaweza kuangaliwa siku 2 au 3 kwa dawa ya maumivu tu. Ila uamuzi huo ni wa aliyemchunguza sikio, si wa muuza duka. Aspirini asipewe.

La mwisho ni la chuoni, yaani madrasa, na skuli. Ugonjwa ukiisha, majimaji yanaweza kubaki nyuma ya ngoma kwa wiki kadhaa. Mtoto haumwi, hana homa, anacheza, lakini anaitwa haitiki, na anapata bakora za ukaidi. Mwambie mwalimu amkalishe mbele. Miezi 3 ikipita na bado haitiki, mpeleke akapimwe usikivu kabla hujambadilishia chuo.