Je, wajua kwa nini milioni 4.2 na milioni 3.8 hufanya milioni 7?

Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa makadirio ya vifo vilivyotokana na hewa chafu mwaka 2016: milioni 4.2 kwa hewa ya nje, milioni 3.8 kwa moshi wa majumbani, ule wa kuni, mkaa na mafuta ya taa. Jumla yake, likasema, ni milioni 7 hivi. Lakini ukijumlisha mwenyewe unapata 8.

Wengi husema hapo kuna makosa ya hesabu, au takwimu zimepikwa. Wala si hivyo. Ile milioni moja imo katika hesabu zote mbili, na kote imo kihalali.

Kinachotupoteza ni kudhani kwamba kila kifo kina mhusika mmoja, kana kwamba watafiti wanapanga vyeti vya vifo kwenye mafungu. Ni nadra sana cheti kuandikwa "moshi". Huandikwa kiharusi, nimonia, saratani ya mapafu. Watafiti huuliza jambo jingine kabisa: kisababishi hiki kisingekuwepo, vifo vingapi visingetokea?

Fikiria chungu juu ya mafiga matatu. Ondoa figa la kwanza, chungu kinaanguka, kwa hiyo mchango wake ni asilimia 100. La pili vilevile, na la tatu. Jumla ni asilimia 300 za chungu kimoja, na hakuna aliyekosea. Ukisema kila figa lina theluthi yake, umejibu swali la nani kabeba uzito kiasi gani, ambalo hatukuliuliza.

Mfano maarufu wa mambo haya ni mafundi wa Marekani na Kanada waliokuwa wakifunika mabomba na boila kwa asbesto, madini yenye nyuzi yanayozuia joto. Utafiti uliochapishwa mwaka 1979 ulilinganisha vifo vya saratani ya mapafu kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Wasiovuta sigara na wasioshika asbesto: 11. Asbesto peke yake: 58. Sigara peke yake: 123. Vyote viwili: 602. Sasa chukua hao 602. Ondoa sigara, wanabaki 58, yaani asilimia 90 wamepona. Badala yake ondoa asbesto, wanabaki 123, asilimia 80 wamepona. Tisini na themanini ni 170! (Tafiti za baadaye zilionyesha kwamba nguvu ya kuungana kwa viwili hivi hutofautiana kati ya kundi na kundi, kwa hiyo 170 isichukuliwe kama sheria.)

Ili jumla isivuke mia, watafiti hukokotoa kwa hatua. Kisababishi cha kwanza kikiondoa asilimia 40 ya vifo, cha pili chenye asilimia 30 hukatwa kwenye 60 zilizobaki, si kwenye 100. Jumla ni 58, si 70. Ila hesabu hii hudhani kwamba visababishi viwili haviandamani, yaani kupatwa na kimoja hakuongezi uwezekano wa kupatwa na kingine, na maisha hayako hivyo: mara nyingi anayepikia mkaa chumbani ndiye huyohuyo anayeishi kando ya barabara yenye magari mengi. Tena moshi wa jikoni ukitoka dirishani unakuwa hewa ya nje.

Risasi, ile metali yenye sumu na si ya bunduki, ina utata wake. Hupandisha shinikizo la damu, na shinikizo huleta kiharusi, hivyo ukihesabu risasi na shinikizo kando kando umemhesabu mgonjwa mmoja mara mbili katika mnyororo uleule.

Ripoti nyingine ya WHO, ya mwaka 2016, ilijaribu kukusanya mazingira yote pamoja: maji, hewa, kemikali, kazi, hata ajali za barabarani. Ilipata vifo milioni 12.6 kwa mwaka 2012, asilimia 23 ya vifo vyote duniani. Kwa baadhi ya magonjwa ushahidi haukutosha, wataalamu wakaombwa wakadirie kwa uzoefu wao. Hiyo nukta sita imeandikwa kwa ujasiri.